Uchambuzi wa kisa: Mepolizumabu, dawa ya pumu iliyotafuta wagonjwa wake kwa miaka 15

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli, nami nimekijenga juu ya majaribio yaliyochapishwa katika majarida ya tiba. Kampuni iliyotengeneza dawa na watafiti walioongoza majaribio sikuwataja. Wagonjwa hawakutajwa tangu mwanzo. Jina la dawa limebaki, maana bila hilo kisa hakifuatiliki. Nimewaandikia wanafunzi wa famasia na udaktari, pamoja na yeyote anayejiuliza kwa nini dawa mpya ya aleji huchukua miaka mingi kufika kwa mgonjwa. Jibu lililozoeleka ni fedha na urasimu. Hapa fedha zilikuwepo, na urasimu haukuwa kikwazo kikubwa. Kilichochelewesha ni kwamba dawa ilijaribiwa kwa watu isiowahusu, kisha ikapimwa kwa kitu isichokifanya.

Usuli

Mwenye pumu ana njia za hewa zilizovimba kwa ndani, zenye ute mwingi, na misuli yake hubana upesi. Vumbi kidogo au baridi ya alfajiri hutosha kumfunga kifua. Ndani ya uvimbe huo mara nyingi huonekana chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879, akiwa bado kijana, baada ya kuona zinavyoshika rangi ya eosini, na kabla karne hiyo haijaisha zilikuwa zimeshaonekana kwenye makohozi ya wenye pumu. Kwa miongo mingi zilichukuliwa kuwa ndizo mkosaji mkuu.

Baadaye ikajulikana kwamba eosinofili hazijiongozi. Kuna protini ndogo iitwayo intalukini-5 inayoziamuru zikomae kwenye uboho, ziingie kwenye damu na zisife mapema. Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliozalishwa bila jini ya intalukini-5. Panya hao walipovutishwa kitu cha kuwaletea aleji hawakujaza eosinofili mapafuni, wala njia zao za hewa hazikuwa nyepesi kujibana. Majaribio kwa tumbili, kwa kutumia kingamwili inayoikamata intalukini-5, yalielekea upande huohuo.

Hoja ikawa nyoofu. Steroidi hutuliza uvimbe wa pumu, lakini akizimeza kila siku kwa miaka, mgonjwa hulipa kwa mifupa kudhoofika, sukari kupanda, uso kuvimba na ngozi kuwa laini kama karatasi. Badala ya kuutuliza mwili mzima, kwa nini kisizuiwe kitu kimoja tu, ile amri inayozileta eosinofili? Mepolizumabu ni kingamwili ya maabara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Huikamata intalukini-5 kabla haijafika kwenye kipokezi chake.

Yaliyotokea, 2000 hadi 2007

Jaribio la kwanza kushtua watu lilichapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 24 wenye pumu nyepesi walipewa dripu moja: wanane miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, wanane miligramu 10 kwa kilo, na wanane plasebo, yaani dripu isiyo na dawa ndani. Kisha wakavutishwa, chini ya uangalizi, kile kinachowaletea aleji. Mtu mwenye pumu ya aleji akivutishwa hivyo anaweza kubanwa mara mbili, kwanza ndani ya dakika chache, halafu tena baada ya saa kadhaa. Kubanwa kwa pili ndiko kulikohusishwa na eosinofili, na ndiko dawa ilikotarajiwa kuzuia.

Eosinofili zilishuka sana, kwenye damu na kwenye makohozi. Kubanwa kwa pili kukabaki vilevile. Wepesi wa njia za hewa kujibana nao haukubadilika.

Ubishi ukaanza. Kambi moja ikasema eosinofili ni watazamaji tu wa ugonjwa. Wapo eneo la tukio, lakini si wahalifu. Kambi ya pili ikasema watu wanane kwa kila kundi ni wachache mno kuthibitisha kwamba dawa haifanyi kazi. Kila upande ulikuwa na hoja, ingawa wa kwanza ulisikika zaidi.

Mwaka 2003 likachapishwa jaribio lililochungulia ndani zaidi. Wagonjwa, 24 tena, walipewa dozi tatu za miligramu 750 au plasebo, kisha vipande vidogo vikachukuliwa kwenye kuta za njia zao za hewa na kwenye uboho. Kwenye damu eosinofili zilikaribia kwisha kabisa. Kwenye uboho zilipungua kwa asilimia 52, na kwenye ukuta wa njia ya hewa kwa asilimia 55. Watetezi wa dawa wakapata pa kushikia: huenda nusu iliyobaki ukutani inatosha kuendeleza ugonjwa.

Lililoonekana kuizika dawa ni jaribio la 2007. Lilikuwa kubwa kwa kipimo cha wakati huo, wagonjwa 362 ambao bado walikuwa na dalili ingawa walitumia inhela za steroidi. Walipewa miligramu 250, miligramu 750 au plasebo, mara tatu, mwezi hadi mwezi, na kufuatiliwa kwa majuma 12. Vipimo vilikuwa vya kawaida vya pumu: nguvu ya pumzi, dalili za kila siku, matumizi ya inhela ya dharura, ubora wa maisha, mashambulizi. Hakuna hata kimoja kilichotofautiana na plasebo kwa kiwango kinachokubalika kitakwimu. Mashambulizi yalielekea kupungua kwa waliopata miligramu 750, ila tofauti hiyo haikuvuka mstari.

Mtu aliyesoma muhtasari pekee angeifunga faili hapo, na wengi waliifunga.

Kwa nini dawa haikutupwa

Sababu ya kwanza haikuhusu pumu. Kuna maradhi adimu ambayo damu hujaa eosinofili kupita kiasi, zikaharibu moyo, ngozi na neva. Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lilihusisha wagonjwa 85 wa aina hiyo. Asilimia 84 ya waliopata mepolizumabu waliweza kushusha prednisoni, steroidi ya kumeza, hadi miligramu 10 kwa siku au chini yake, dhidi ya asilimia 43 kwa plasebo. Hapo dawa ilionyesha faida ya wazi kwa watu ambao tatizo lao bila shaka ni eosinofili. Molekuli ikabaki hai kwenye makabati ya kampuni.

Sababu ya pili ilitoka kwa vikundi viwili vya madaktari wa mapafu, kimoja Leicester, Uingereza, kingine Hamilton, Kanada. Hawa walikuwa na mazoea ambayo kliniki nyingi hazina: kuhesabu chembe kwenye makohozi. Mgonjwa huvuta mvuke wa maji ya chumvi, hukohoa, kisha makohozi husafishwa, hupakwa kwenye kioo na chembe kuhesabiwa moja moja chini ya hadubini. Kazi hii inachosha, haina mvuto, na inahitaji mtu mwenye subira. Lakini miaka mingi ya kuifanya iliwaonyesha kitu ambacho mwenye kupima pumzi peke yake hawezi kukiona: kwamba pumu si ugonjwa mmoja. Wapo wagonjwa ambao makohozi yao yamejaa eosinofili, na wapo wasio na karibu hata moja, na kwa stethoskopu huwezi kuwatofautisha.

Walikuwa na ushahidi wa aina tatu mkononi kabla ya 2007. Tangu 1989, Hamilton walikuwa wameeleza wagonjwa wenye kikohozi cha muda mrefu na eosinofili tele kwenye makohozi, ambao njia zao za hewa hazikuwa nyepesi kujibana hata kidogo. Mwaka 2002 Leicester walionyesha kwamba kinachotofautisha wagonjwa hao na wenye pumu ni seli za masti, aina nyingine ya chembe za kinga, zilizojipenyeza ndani ya misuli ya njia za hewa, ilhali eosinofili wanazo wote. Mwaka huohuo wakachapisha jaribio la wagonjwa 74. Nusu walirekebishiwa dozi za steroidi kwa kufuata dalili kama miongozo inavyoagiza, nusu kwa kufuata hesabu ya eosinofili kwenye makohozi. Baada ya mwaka mmoja kundi la makohozi lilikuwa limepata mashambulizi makali 35, na lile la dalili 109.

Ukiyaunganisha hayo matatu unapata dhana kamili. Eosinofili hazihusiki sana na kubana kwa misuli kila siku, bali na yale mashambulizi makubwa yanayompeleka mgonjwa hospitali. Kama ni hivyo, dawa inayoziondoa ipimwe kwa kuhesabu mashambulizi, kwa wagonjwa ambao eosinofili zao zimegoma kushuka hata kwa steroidi nyingi.

Majaribio mawili ya 2009

Vikundi hivyo vilianzisha majaribio yao wenyewe kwa msaada wa kampuni, na yote mawili yakachapishwa katika toleo moja la jarida, Machi 2009.

Leicester walichagua wagonjwa 61 ambao licha ya steroidi za kiwango cha juu walikuwa wameonyesha eosinofili zaidi ya asilimia 3 kwenye makohozi, na waliopata angalau mashambulizi makali mawili katika mwaka uliotangulia. Walipewa miligramu 750 au plasebo kila mwezi kwa mwaka mzima. Wastani wa mashambulizi kwa kila mgonjwa ulikuwa 2.0 kwa dawa na 3.4 kwa plasebo. Dalili za kila siku? Hakuna tofauti. Nguvu ya pumzi? Hakuna. Wepesi wa kujibana? Hakuna, sawasawa na ilivyoonekana mwaka 2000.

Hamilton walikuwa na wagonjwa 20 tu, wote wakimeza prednisoni kila siku na bado wana eosinofili kwenye makohozi. Tisa walipata dawa, 11 plasebo, na prednisoni ikapunguzwa hatua kwa hatua. Upande wa plasebo watu 10 walipata jumla ya mashambulizi 12. Upande wa dawa alishambuliwa mmoja. Dozi ya prednisoni ilishuka kwa wastani wa karibu asilimia 84 ya kiwango cha juu kilichoruhusiwa kupunguzwa, dhidi ya asilimia 48 kwa plasebo.

Dawa ile ile, na kwa Leicester na Hamilton dozi ile ile iliyoshindwa 2007. Matokeo ya watu 20 waliochaguliwa vizuri yalisema kwa sauti kile ambacho watu 362 walishindwa kukisema.

Kuelekea idhini

Kutoka hapo njia ilikuwa ndefu lakini haikupinda. Jaribio kubwa lililochapishwa 2012 liliandikisha wagonjwa 621 katika nchi 13, likijaribu dozi za miligramu 75, 250 na 750 kwa mwaka mmoja. Mashambulizi yalipungua kwa asilimia 48, 39 na 52. Dozi ndogo ilikuwa karibu sawa na kubwa. Likatoa pia jambo moja la manufaa sana kwa hospitali za kawaida: hesabu ya eosinofili kwenye damu ilitosha kutabiri nani atanufaika. Makohozi hayakuwa lazima tena.

Mwaka 2014 yakaja mawili ya mwisho. La kwanza, lenye wagonjwa 576, liliwachukua wenye eosinofili 150 au zaidi kwa kila mikrolita ya damu wakati wa kuandikishwa, au 300 wakati wowote katika mwaka uliotangulia. Sindano ya miligramu 100 chini ya ngozi kila majuma manne ilipunguza mashambulizi kwa asilimia 53. La pili, la wagonjwa 135 wanaotegemea steroidi za kumeza, lilishusha dozi zao kwa asilimia 50 ukichukua mgonjwa wa katikati. Kwa plasebo, sifuri. Novemba 2015 Marekani ikaidhinisha dawa, Ulaya ikafuata Desemba.

Uchambuzi

Jambo la kuzingatia kwanza ni kwamba dawa haikubadilika. Tangu mwaka 2000 ilifanya hasa kile ilichoundwa kufanya, kushusha eosinofili. Kilichobadilika ni mgonjwa na kipimo.

Tuanze na mgonjwa. Jaribio la 2007 liliandikisha watu wanaoendelea kuwa na dalili ingawa wanatumia inhela za steroidi. Sharti hilo linaonekana la busara: hao ndio wanaohitaji dawa mpya. Lakini steroidi zenyewe hupunguza eosinofili. Ukimpa mtu steroidi, eosinofili zikashuka, na bado anakohoa na kupiga mluzi kifuani, huenda dalili zake hazitokani na eosinofili. Kwa hiyo sharti lililokusudiwa kupata wagonjwa wagumu lilikuwa likiwaacha nje, bila kukusudia, wale ambao dawa ingewafaa. Hakuna aliyehesabu chembe zao kabla ya kuwaandikisha ili kuwachagua. Kwangu mimi hili ndilo kosa kuu la kisa chote, tena halionekani ukisoma haraka, kwa sababu kila neno la sharti lile lina mantiki.

Kipimo nacho kilikuwa na tatizo lake. Nguvu ya pumzi ilikuwa kipimo cha mazoea, kwani dawa za kutanua njia za hewa ndizo zilizokizoesha: unavuta, unapuliza, namba inapanda baada ya robo saa. Dawa ya uvimbe haina lazima ya kufanya hivyo. Mashambulizi ndiyo yanayoua na kujaza wodi, lakini kuyahesabu kunahitaji muda, na majuma 12 kwa wagonjwa ambao wengi wao hushambuliwa mara chache hayatoshi kuona chochote. Ule mwelekeo mdogo kwenye kundi la miligramu 750 ulikuwa dalili iliyoachwa ikapita.

Panya nao wana sehemu yao ya lawama, ingawa si kubwa. Walichoonyesha mwaka 1996 kilikuwa kweli kwa panya: ondoa intalukini-5, wepesi wa kujibana unaondoka. Kwa binadamu viungo hivyo viwili havikuungana. Wagonjwa wa Hamilton wa 1989, wenye eosinofili bila kujibana, walikuwa wameshatoa onyo hilo wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kliniki. Ushahidi wa binadamu ulikuwepo miaka saba kabla ya ule wa panya, ila ulikuwa kwenye ripoti ya kikohozi, ambako watengenezaji wa dawa za pumu hawakuwa na sababu ya kuangalia.

Sasa swali ambalo mwanafunzi makini atauliza. Si tunafundishwa kwamba kutafuta kikundi kidogo baada ya jaribio kushindwa ni hila? Ukikata data vipande vya kutosha, kimoja kitakubali tu. Ni kweli, na kuna dawa nyingi zilizopitishwa njia hiyo zikaaibika. Tofauti hapa ni mpangilio wa mambo. Leicester na Hamilton hawakurudi kwenye data ya 2007 kuichambuachambua. Walikuwa na dhana iliyotoka kwenye ushahidi mwingine kabisa, wakaitamka kabla ya kuandikisha mgonjwa, wakachagua kipimo kimoja kikuu, halafu matokeo yao yakarudiwa na mamia ya wagonjwa wengine. Mtu akikuletea kikundi kidogo, muulize kilitokea wapi, na kama kimerudiwa.

Hata hivyo mbinu hii haina kinga. Kampuni ilipoipeleka kwenye ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, ule unaowapata zaidi wavutaji sigara, kwa kuchagua tena wenye eosinofili nyingi, majaribio mawili yaliyochapishwa 2017 hayakukubaliana: moja lilionyesha faida ndogo, lingine halikufikia kiwango. Mwaka 2018 mamlaka ya Marekani ikakataa. Lilihitajika jaribio jingine, lenye kigezo kikali zaidi cha eosinofili, kabla idhini haijapatikana Mei 2025. Namba ya eosinofili kwenye damu husema kitu, ila haisemi kitu kilekile katika kila ugonjwa.

Jambo ambalo kisa hiki hakikulitatua ni mgonjwa mwingine, yule ambaye makohozi yake hayana eosinofili na bado anabanwa. Kwa sehemu ndiye aliyelijaza jaribio la 2007, na mepolizumabu haikumfaa. Dawa zilizofuata njia hii, reslizumabu na benralizumabu, nazo ni za wenye eosinofili. Kila ushindi wa kundi moja umemwacha yeye nyuma kidogo, na steroidi zilezile zisizomsaidia sana.

Namba hizo zikifika Afrika Mashariki

Hapa kuna jambo ambalo majaribio yenyewe yalilikwepa kwa makusudi. Watu wenye minyoo hawakuandikishwa. Sababu ni kwamba eosinofili ni sehemu ya jibu la mwili dhidi ya minyoo, na intalukini-5 ndiyo inayoliendesha. Safura, minyoo ya tumbo na kichocho huinua eosinofili kwenye damu bila pumu yoyote.

Vigezo vya 150 na 300 vilipatikana katika nchi ambako minyoo ni nadra. Ukivichukua kama vilivyo hadi ukanda wa Ziwa Victoria au pwani yetu, ambako kichocho na safura bado vipo, utawaita "wenye pumu ya eosinofili" watu wengi ambao eosinofili zao zina kazi nyingine. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema minyoo itibiwe kabla ya kuanza, na mgonjwa akiipata katikati ya matibabu na ikakataa kuondoka kwa dawa za minyoo, mepolizumabu isimamishwe.

Kwa sasa sindano hii haiko kwenye uwezo wa wagonjwa wengi wa kwetu, ambao hata inhela ya steroidi huwa vigumu kuipata na hubaki na salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa, peke yake. Lakini kipimo cha damu kinachohesabu chembe kipo katika hospitali nyingi za wilaya, na namba ya eosinofili hutoka kwenye karatasi hiyohiyo iliyoagizwa kwa sababu ya homa. Akija mtu mzima anayebanwa mara kwa mara, eosinofili zake zikasoma 600, jambo la kwanza ni kumpima choo na mkojo, kumpa albendazoli au prazikwanteli kadiri majibu yatakavyoelekeza, kuhakikisha anatumia inhela ya steroidi na anajua kuivuta, halafu kuirudia damu baada ya wiki kadhaa. Namba ya pili ndiyo ya kuandika kwenye faili kama kigezo cha pumu yake.